Boma ni la Wananchi, Lisigeuzwe Ngome Tena

Yapo maneno ambayo hudumu katika lugha hata baada ya mambo yaliyoyazaa kupita. Neno "boma" ni mojawapo. Kwa mfugaji, boma ni ua wa miti na miiba unaozuia ng'ombe wasitoke na simba asiingie. Wajerumani walipoitawala nchi hii walijenga ngome zao juu ya vilima, na jina hilo la ua likazishika ngome hizo. Wajerumani waliondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini hadi leo mkulima wa Ngara au wa Biharamulo mwenye shauri la shamba husema kwamba anakwenda bomani, na vijana wanaooana mbele ya ofisa wa Serikali husemwa kuwa wamefunga ndoa ya bomani.

Kudumu kwa neno si kosa. Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kudumu kwa tabia. Historia ya makao makuu haya mawili madogo ya wilaya, Biharamulo na Ngara, yaliyoko kusini ya Mkoa wa Kagera, inaonyesha wazi kwamba ofisi ya Serikali inaweza kubadilishiwa bendera mara nyingi bila ya kubadili desturi yake ya kumtazama mwananchi kutoka juu. Kazi ya kuigeuza ngome iwe ofisi ya umma haikumalizika siku ile bendera ya mkoloni iliposhushwa. Ni kazi ya kila siku ya mtumishi anayeketi nyuma ya meza, na ya mwalimu anayewafundisha watoto maana ya Serikali yao.

Kabla ya boma kuwapo, nchi hii haikuwa pori lisilo na sheria kama vitabu vya wakoloni vilivyopenda kudai. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walipita katika nchi ambayo wasafiri waliiita Usui, ndiyo nchi ya Wasubi, wakiwa njiani kwenda Karagwe na Buganda. Mtawala wa Usui, ambaye Speke alimwandika kwa jina la Suwarora, aliwataka watoe hongo kabla ya kuvuka. Speke aliandika habari hiyo kwa manung'uniko mengi, kana kwamba ameporwa. Kumbe hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa njia, sawasawa na ushuru unaotozwa leo katika mipaka ya Rusumo na Kabanga. Kwamba neno hilo sasa lina maana ya rushwa ni ushahidi wa jinsi heshima ya ofisi inavyoweza kuporomoka pale kinachotozwa hadharani kinapoanza kutozwa gizani.

Si kwamba watawala wa jadi walikuwa watakatifu. Walikuwapo walioonea watu, waliochukua ng'ombe za wajane na kuwatumikisha wanyonge, na ndiyo maana Taifa huru halikuona sababu ya kuurudisha utawala wao. Lakini jambo moja katika baraza la jadi linastahili kukumbukwa. Shauri lilisikilizwa mahali pa wazi, kwa lugha ambayo mdai na mdaiwa waliielewa, na mbele ya wazee walioujua mpaka wa shamba kwa kuukanyaga. Aliyeshindwa aliondoka akiwa anajua kwa nini ameshindwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga boma lao Biharamulo. Walilijenga kilimani, na sababu yake si ngumu kuielewa. Jengo la kilimani huonekana kutoka mbali, na aliyemo ndani humwona anayekuja kabla hajafika. Ndani ya kuta za maboma ya namna hiyo zilikusanywa nguvu zote za utawala: askari, silaha, ghala, fedha za kodi, mahabusu na kiti cha hukumu. Mwananchi aliyepanda kilima hakujua kama anakwenda kushtaki au anakwenda kushtakiwa. Fimbo ya ngozi ya kiboko ikawa ndiyo hati ya hukumu, na adhabu ya viboko ishirini na vitano ikajulikana nchini kote kwa jina la "hamsa ishirini". Wazee walilirithisha jina hilo kwa wajukuu ambao hawakuwahi kumwona Mjerumani hata mmoja.

Mwezi Juni 1916, vita ya wakoloni ilipofika katika sehemu hizo, majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Biharamulo. Bendera ikabadilika. Miaka mitatu baadaye wakubwa wawili wasioijua nchi hiyo, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, walikubaliana mwaka 1919 jinsi ya kuigawa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ruanda na Urundi zikawa za Wabelgiji, sehemu nyingine ikawa ya Waingereza. Nchi ya Gisaka ilikatwa kutoka Ruanda ikawekwa upande wa Waingereza, ambao walitaka nafasi ya kupitisha reli yao. Na mnamo mwaka 1923 ikaamuliwa irudishwe Ruanda. Bugufi, ambayo watu wake walikuwa na uhusiano wa miaka mingi na ufalme wa Urundi, ilibaki Tanganyika, na leo ni sehemu ya Wilaya ya Ngara. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Mwami wa Urundi alipeleka madai yake ya Bugufi mbele ya Umoja wa Mataifa, lakini mpaka haukuguswa.

Katika mambo yote hayo Mhangaza wa Bugufi hakuulizwa. Alilala akiwa chini ya bendera moja, akaamka chini ya nyingine, na mashamba ya jamaa zake yakawa ng'ambo. Hilo ndilo lililokuwa somo la kwanza la boma kwa wananchi wa Ngara na Biharamulo: kwamba Serikali ni kitu kinachoamuliwa mahali pengine, na watu wengine, kwa lugha nyingine.

Waingereza walikuja na maneno laini zaidi. Gavana Donald Cameron, aliyeitawala Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931, alianzisha utawala wa kupitia kwa machifu, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa machifu hao mamlaka ya kutoa amri na kukusanya kodi kwa niaba ya mkoloni. Mwaka 1929 mahakama za wenyeji ziliwekwa chini ya usimamizi wa maofisa wa utawala, zikaondolewa katika uangalizi wa Mahakama Kuu. Maana ya sheria hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana katika karatasi. Bwana Shauri aliyetoza kodi ndiye aliyesimamia mahakama iliyomhukumu asiyelipa kodi. Mtu aliyeonewa na chifu alikata rufani kwa ofisa yule yule aliyemtegemea chifu. Kiswahili kilimpa ofisa huyo jina la Bwana Shauri. Lakini mashauri aliyoyaendesha yalikuwa yake kwa pande zote mbili, kwa kuyaanzisha na kwa kuyahukumu.

Matokeo yake yalionekana barabarani. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu zilikuwa haba katika nchi ya migomba, maharage na ng'ombe. Vijana wengi wa Ngara walivuka kwenda Uganda kutafuta vibarua katika mashamba ya Buganda. Pale nyumbani walibaki akina mama, watoto na wazee. Kwa miaka mingi boma lilikuwa linaendeshwa kwa jasho la watu waliokuwa hawapo.

Ndiyo sababu uhuru wa mwaka 1961 haukuwa na maana ya kubadilisha bendera mara ya nne tu. TANU ilijua kwamba kama mkoloni angeondoka na mfumo wake ukabaki, mwananchi angekuwa amebadilishiwa bwana. Mwaka 1962 waliteuliwa Wakuu wa Wilaya Waafrika ambao walikuwa pia makatibu wa TANU katika wilaya zao. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyounganisha mahakama za wenyeji na mahakama nyingine za nchi katika mfumo mmoja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi. Kwa mara ya kwanza tangu boma lijengwe, mtoza kodi na mtoa hukumu wakawa watu wawili, na Mhangaza, Msubi, Mzungu na Mhindi wakawa na mlango mmoja wa kuingilia mahakamani.

Njia haikuwa nyoofu siku zote. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa nia ya kupeleka madaraka mikoani, na uzoefu ukaonyesha kwamba madaraka yaliyopelekwa yalibaki zaidi mikononi mwa watumishi kuliko mikononi mwa wananchi. Chama na Serikali vilitambua hivyo, na kwa sheria ya mwaka 1982 halmashauri zikarudishwa. Kodi ya kichwa, iliyoachwa mwaka 1969, ilirudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo. Ikafutwa mwaka 2003 baada ya kuonekana kwamba mbinu za kuitoza zilikuwa zinawakumbusha wananchi mambo waliyotaka kuyasahau. Serikali inayokubali kujirekebisha haipungukiwi heshima. Heshima hupungua pale kosa linapolindwa kwa sababu limefanywa na ofisi.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilisema jambo hili bila ya kuficha. Katika kifungu chake cha 15 uliwakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Kifungu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya viongozi wa Dar es Salaam peke yao. Kiliandikwa hasa kwa ajili ya ofisi za wilaya, kwa sababu mwananchi wa kawaida hakutani na Serikali katika hotuba. Hukutana nayo dirishani, kwa karani, kwa askari wa zamu, kwa ofisa wa ardhi na kwa hakimu.

Wilaya ya Ngara yenyewe ina mfano wake wa uongozi ulioteremka kilimani. Rulenge haikuwa makao ya Serikali. Ilikuwa misheni, na mwaka 1960 ikawa jina la jimbo la Kanisa Katoliki, ambalo tangu 2008 linaitwa Rulenge-Ngara. Askofu wake kuanzia 1969 hadi 1996, Christopher Mwoleka, aliliunga mkono Azimio la Arusha kwa vitendo: alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akaishi na wanakijiji na kushika jembe pamoja nao. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya yale yaliyofanikiwa na yale yaliyoshindikana katika vijiji vya ujamaa. Lakini hakuna anayeweza kukana kwamba askofu aliyelima shamba moja na waumini wake hakuhitaji kuta wala kilima ili aheshimiwe. Heshima yake ilitoka mahali ambapo heshima ya boma haikuwahi kutoka.

Kisha ukaja mtihani ambao wilaya chache duniani zimewahi kuupata. Mwishoni mwa mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 na kuingia Ngara. Kambi ya Benako ikawa kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania, na katika muda mfupi wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Misitu ilikatwa kwa kuni, vyanzo vya maji vilielemewa, bei za vyakula zikapanda, mashamba yakakanyagwa. Lakini kijiji kwa kijiji watu wa Ngara waliwapokea waliofika. Ofisi ndogo ya wilaya, iliyozoea kushughulikia mashauri ya migomba na mifugo, ikajikuta inashughulikia jambo lililoangaliwa na dunia nzima. Wakimbizi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole, iliyowahifadhi Warundi, ilifungwa mwaka 2008.

Mpaka ule uliochorwa mwaka 1919 bila ya kuwauliza Wahangaza ndio walioutunza kwa ubinadamu katika mwaka 1994. Wilaya yenye historia hiyo haipaswi kufundishwa shuleni kama kona ya mbali ya ramani. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo. Leo umeme wa maporomoko ya Rusumo, wenye uwezo wa megawati 80, unagawanywa kwa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi. Pembezoni ya jana ndiyo njia panda ya leo.

Mabadiliko mengine makubwa yalifika kwa njia ya lugha. Mahakama za Mwanzo zilitumia Kiswahili tangu zamani, lakini ngazi za juu ziliendelea na Kiingereza katika kumbukumbu na hukumu. Mkulima aliyeshinda katika Mahakama ya Mwanzo na kushindwa katika rufani alipewa karatasi ambayo hakuweza kuisoma, akalazimika kumlipa mtu amweleze kwa nini shamba lake si lake tena. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa watu wa mjini jambo hilo huenda likaonekana ni la wanalugha. Kwa mwananchi wa Rulenge ni kuporomoka kwa ukuta wa mwisho wa ngome ya Mjerumani.

Hata hivyo ukuta unaweza kuporomoka na watu wakaendelea kupita kwa kuuzunguka, kwa mazoea. Hapo ndipo penye wajibu wa watumishi wa leo.

Yako mazoea matatu ya boma la zamani ambayo bado hayajazikwa. La kwanza ni kumfanya mwananchi asubiri bila ya kumwambia anasubiri nini. Mama anayetoka kijijini kufuatilia mirathi ya mumewe hulipa nauli, huacha palizi, hubeba mtoto mgongoni. Akiambiwa "njoo kesho" kwa sababu mwenye ufunguo wa kabati hayupo, siku yake imechukuliwa kama vile ilivyochukuliwa siku ya babu yake aliyeitwa kujenga barabara ya mkoloni. Tofauti ni kwamba babu alijua kuwa anaonewa. Mama huyo huambiwa kuwa anahudumiwa. Na anayedai kwamba mambo madogo ya namna hiyo hayana uzito akumbuke kwamba Bukoba, makao makuu ya mkoa, ni safari ndefu kutoka Ngara. Kila shauri linaloshindwa kumalizwa karibu huwa ni gharama inayobebwa na aliye mbali.

La pili ni kuchanganya mamlaka. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 imempa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe kizuizini kwa muda usiozidi saa 48, pale amani inapohatarishwa. Uwezo huo umewekwa kwa ajili ya hatari. Haukuwekwa uwe adhabu ya mtumishi aliyechelewa kikaoni wala jibu kwa mwananchi aliyeuliza swali gumu mkutanoni. Viongozi wa juu wa Serikali wamekwisha kuonya mara kadhaa juu ya matumizi mabaya ya kifungu hicho. Anayekitumia kwa hasira huirudisha siku ile ambapo mtoza kodi, mshtaki na hakimu walikuwa mtu mmoja chini ya bendera moja. Waasisi wa Taifa walivitenganisha viti hivyo kwa makusudi, wala hakuna mtumishi aliyepewa ruhusa ya kuvisogeza pamoja tena.

La tatu ni kuifanya haki iwe siri. Mabaraza ya Ardhi ya Kata yaliwekwa kwa sheria ya mwaka 2002, na tangu 2021 kazi yake imebaki kuwa ya usuluhishi. Ni wananchi wangapi wa vijijini waliokwisha kuelezwa tofauti kati ya kusuluhishwa na kuhukumiwa? Sheria inapobadilika na mbao za matangazo zikabaki na karatasi za zamani, anayenufaika ni mjanja mwenye maneno mengi mlangoni pa mahakama. Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria. Sasa sheria hiyo haina budi isomwe kwa sauti katika mikutano ya vijiji.

Lipo pia suala la jengo lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Maboma ya Wajerumani ni ya baadaye, kwa hiyo ulinzi wake hutegemea tangazo la Waziri, na tangazo la Waziri hutegemea wilaya inayojua thamani ya kilicho chake. Miji mingine imekwisha kuonyesha njia. Boma la Arusha, lililojengwa mwaka 1900, ni makumbusho. Boma la Iringa limekuwa makumbusho tangu 2016. Boma la Mikindani, la mwaka 1895, lilifufuliwa na kuwa hoteli. Boma la Biharamulo nalo limewahi kutengenezwa likalaza wageni, na hilo ni jema kuliko kuliacha lianguke. Lakini mgeni anayelala pale na mtoto anayesoma chini ya kilima kile wanastahili kuambiwa pia ni nani walilala ndani ya kuta hizo bila ya kupenda.

Wapo watakaouliza kwa nini fedha na nguvu zitumike kulitunza jengo la mtesaji. Swali hilo haliulizwi Tanzania peke yake. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, miji midogo ya makao ya wilaya imejengwa kuizunguka mahakama: mahakama katikati, maduka pande zote. Mbele ya milango ya mahakama hizo watumwa waliuzwa kwa mnada, na baada ya utumwa kufutwa Wamarekani Weusi walizuiwa kwa miaka mingi wasikae miongoni mwa raia wanaoamua kesi. Viwanja hivyo vikapambwa kwa sanamu za askari waliopigania utumwa. Katika miaka ya karibuni miji kadhaa imeziondoa sanamu hizo, lakini mahakama zimebaki, na ndani yake sasa huketi pia wajukuu wa wale waliouzwa. Mafunzo yake ni rahisi. Jengo halina dhambi wala utakatifu. Linachohitaji ni kuelezwa kwa ukweli, na kutumiwa kwa haki.

Kwa hiyo kuna mambo ya kutekelezwa, na hakuna hata moja linalongoja fedha za wafadhili. Halmashauri za Biharamulo na Ngara ziorodheshe majengo ya kale ya utawala yaliyomo katika wilaya zao na kuyapeleka mbele ya Idara ya Mambo ya Kale. Majalada ya zamani ya mashauri na ya ardhi yatolewe katika stoo zenye mchwa na kukabidhiwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, maana ndani yake mna mipaka ya mashamba ambayo bado inagombaniwa. Walimu wa historia wawapeleke wanafunzi kilimani, wawape wazee nafasi ya kusimulia, na kuyaandika masimulizi hayo kabla wenyewe hawajaondoka. Mtoto anayejua maana ya hamsa ishirini hatakubali kwa urahisi kuwa mtumishi anayewapigia kelele wazee wa baba yake.

Na kila ofisi ya wilaya ibandike mlangoni, kwa Kiswahili kinachosomeka, mambo manne: huduma inayotolewa, malipo yake halali, siku ambazo itachukua, na jina la cheo cha mtu wa kulalamikiwa ikichelewa. Hongo ya Suwarora ilijulikana na kila msafiri. Ni aibu ikiwa ada ya ofisi ya umma haijulikani na mwenye nchi.

Wajerumani walilijenga boma la Biharamulo kwa nguvu za watu wa nchi hii, Wabelgiji wakaliteka, Waingereza wakalirithi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiri kwamba siku moja mwenyeji atapanda kilima kile kama mwenye nyumba. TANU ilifikiri hivyo, na Chama Cha Mapinduzi kimeurithi wajibu wa kuona kwamba fikra hiyo inatimia. Kipimo cha kutimia kwake hakimo katika rangi ya bendera wala upya wa bati. Kimo katika uso wa mama wa Rulenge anapotoka bomani jioni: kama anajua shauri lake limefikia wapi, na kama aliitwa ndani kwa jina lake, kwa heshima, na kwa lugha yake.